Huyu si kombe: kisa cha brakiopodi na ukoo wao

Miezi michache iliyopita nilikosea gazetini. Halikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani, ndiyo maana halikumsumbua yeyote isipokuwa mimi na mzee mmoja. Ilikuwa usiku, tunakimbizana na mitambo, ukurasa wa sayansi una nafasi tupu. Ikapatikana picha ya jiwe lenye gamba la kiumbe wa baharini, nami nikaambiwa niandike maelezo ya chini ya picha. Nikaandika: "Kisukuku cha kombe aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita." Nikazima kompyuta, nikawahi daladala.

Kesho yake asubuhi simu ya chumba cha habari ikalia. Aliyepiga ni mwalimu mstaafu, aliwahi kufundisha jiolojia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ulimtazama vizuri yule kabla hujampa jina?" Nikababaika. Akasema: "Yule si kombe. Ni brakiopodi. Wamefanana kwa nje tu. Ukimwita kombe ni sawa na kuandika tangazo la msiba ukakosea ukoo wa marehemu."

Mhariri wangu alicheka sana nilipomsimulia. "Nani Kariakoo atajua?" akauliza. Kweli, Kariakoo hakuna atakayejua. Lakini lile neno la ukoo lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma jioni baada ya kazi, nikidhani nitamaliza kwa siku mbili. Wiki tatu baadaye bado nilikuwa nasoma, maana niligundua kwamba kosa langu la usiku mmoja ndilo kosa ambalo wataalamu wa Ulaya walilifanya kwa miaka mingi, tena mchana kweupe. Ndicho kisa ninachotaka kuwasimulia leo.

Tuanze na swali la mzee

Chukua kombe yeyote wa pwani yetu. Ana magamba mawili, moja upande wa kushoto wa mwili na jingine upande wa kulia, kama mtu aliyebanwa kati ya milango miwili. Gamba la kushoto kwa kawaida ni pacha wa gamba la kulia. Lakini ukilitazama gamba moja peke yake, utaona limeelemea upande, nusu yake haifanani na nusu nyingine.

Brakiopodi naye ana magamba mawili, lakini moja liko mgongoni na jingine tumboni. Kwa hiyo magamba yake mawili hayalingani: mara nyingi la tumboni ni kubwa zaidi na lina tundu karibu na ncha. Ila ukilichukua gamba moja na kulichora mstari katikati, kushoto na kulia vinalingana kama uso wa mtu. Hicho ndicho mzee alichotaka nikitazame. Ni jambo la sekunde tano, nami sikulifanya.

Lile tundu ni la kupitishia kikonyo, ambacho brakiopodi wengi hukitumia kujishikiza kwenye mwamba. Kwa sababu ya umbo hilo lenye tundu, Waingereza huwaita magamba ya taa: wanawafananisha na zile taa za mafuta za udongo walizotumia Warumi wa kale.

Ndani tofauti ni kubwa zaidi. Kombe huchuja chakula kwa matamvua yake. Brakiopodi ana kiungo kiitwacho lofofori, mikono miwili iliyojikunja na kujaa minyiri myembamba, na kila mnyiri una vinywele vidogo vinavyosukuma maji na kunasa vijidudu vya kula. Hata namna ya kufungua mlango si moja. Kombe ana kano inayovuta magamba yaachane, ndiyo maana akifa hubaki ameachama. Brakiopodi hutumia misuli kufungua na misuli kufunga, na akifa mara nyingi hubaki amefumba. Ndiyo maana visukuku vyao vingi vinaokotwa vikiwa vizima, magamba yote mawili pamoja, kama vile mwenyewe amelala.

Kwa nini hatuwajui? Kwa sababu wamebaki wachache. Leo duniani kuna spishi zipatazo 400, nyingi zikiishi kwenye maji ya baridi, ya kina kirefu au kwenye mapango ya chini ya bahari. Lakini visukuku vilivyokwisha kupewa majina vinazidi spishi 12,000. Kuna wakati sakafu ya bahari ilikuwa mali yao.

Mbayuwayu wa mawe

Watu wamekuwa wakiviokota visukuku hivi tangu zamani. Wachina waliviita mbayuwayu wa mawe, kwa sababu kundi moja la brakiopodi, akina Spirifer, lina magamba yaliyotanuka pande mbili kama mabawa. Ilisimuliwa kwamba mawe hayo huruka mvua ya dhoruba ikija. Pia yalisagwa yakawa dawa.

Ulaya, Carl Linnaeus alipokuwa akiwapanga viumbe wote katika kitabu chake cha mwaka 1758, baadhi ya brakiopodi aliwaingiza kwenye jenasi aliyoiita Anomia, humo humo pamoja na jamaa wa kweli wa kombe na chaza. Kwa hiyo, ndugu zangu, mimi na Linnaeus tumekosea pamoja. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mzee wa kumpigia simu.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa Georges Cuvier alimpasua Lingula, brakiopodi anayeishi kwenye mashimo ya mchanga na matope, akaona kwamba aliyemo ndani hafanani na kombe. Mfaransa mwenzake, André Duméril, ndiye aliyelipa kundi hili jina lake, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na mguu. Walidhani ile mikono ya lofofori inafanya kazi ya mguu wa konokono. Haifanyi. Lakini jina likishabandikwa halibanduki, na mpaka leo tunawaita "mkono-mguu" kwa sababu ya kazi wasiyoifanya. Na pamoja na kupewa jina lao wenyewe, waliachwa ndani ya nyumba ya moluska, familia kubwa ya kombe, konokono na pweza. Walikuwa kama mpangaji aliyepewa chumba chake, lakini nyumba ni ya mtu mwingine.

Barua ya Darwin

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Thomas Davidson alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1817. Akiwa bado kijana alikutana na mwanajiolojia Mjerumani Leopold von Buch, ambaye alimshawishi ashughulike na brakiopodi. Alishughulika nao maisha yake yote. Kazi yake kubwa juu ya brakiopodi wa kale wa Uingereza ilianza kuchapwa mwanzoni mwa miaka ya 1850, ikakamilika 1886, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ina kurasa za michoro zaidi ya 200, na michoro hiyo aliichora kwa mkono wake mwenyewe. Enzi hizo hakuna aliyewajua viumbe hawa kumzidi.

Mwaka 1859 Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya spishi. Hoja yake mnaijua: viumbe wa leo ni wazao wa viumbe wa kale, waliobadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi. Udhaifu wa hoja ulikuwa kwenye mawe. Kama viumbe walibadilika kidogo kidogo, mbona matabaka ya miamba hayatuonyeshi mlolongo wenyewe, baba, mwana, mjukuu?

Darwin alijua ni wapi pa kuuliza. Brakiopodi ni wengi mno, magamba yao ni magumu, na wamo kwenye miamba ya karibu kila zama. Kama kuna mahali ambapo mlolongo ungeonekana, basi ni kwao. Mwaka 1861 akamwandikia Davidson, akimwomba awapitie brakiopodi wake tabaka kwa tabaka, aone kama spishi za chini zinaungana na za juu kwa hatua za katikati.

Fikirieni nafasi aliyokuwa nayo Davidson. Mtu maarufu kuliko wote katika fani anakuomba ushahidi. Ukiupata, jina lako litaandikwa karibu na lake. Na Davidson hakuwa adui wa Darwin, wazo lenyewe lilimvutia. Lakini alipotazama mawe yake, hakuona alichoombwa. Aliona kwamba spishi moja inaweza kuwa na sura nyingi, na kwamba wataalamu wengi walikuwa wamegawa ovyo spishi moja ikawa kumi. Hilo alilikubali. Lakini makundi makubwa aliyaona yanatokea tu kwenye miamba bila wazazi wanaojulikana. Na mbele ya yote kulikuwa na Lingula, ambaye gamba lake kwenye miamba ya kale kabisa linafanana na la Lingula anayechimbuliwa matopeni leo. Kama kila kitu hubadilika, huyu mbona amekaa tu? Mwaka 1877 Davidson alichapisha makala akieleza brakiopodi ni nini, na humo akasema wazi kwamba ushahidi wake haukutosha kumfanya akiri.

Nilipofika hapa nilikiweka kitabu chini. Mimi ni mwandishi wa habari, naijua presha ya kuandika kile ambacho mkubwa anataka kukisoma. Leo tunajua kwamba kwa jambo kuu Darwin alikuwa sahihi. Hata hivyo simwoni Davidson kama mtu aliyeshindwa. Aliripoti alichokiona. Majibu ya vikwazo vyake yalikuja baadaye, na yalitoka mahali ambapo yeye asingeweza kufika.

Mmarekani kwenye treni ya Tokyo

Aliyeitingisha ile nyumba ya moluska alikuwa Mmarekani, Edward Morse. Alisoma kwa Louis Agassiz, profesa aliyempinga Darwin mpaka kufa, lakini mwanafunzi akaenda upande wa Darwin. Morse aliwatazama brakiopodi wakiwa hai, tangu wakiwa lava, yaani watoto wanaoogelea, hadi utu uzima. Akaona wana vinywele vigumu pembezoni mwa mwili, kama vile vya minyoo ya pingili. Mwaka 1870 akatangaza: hawa si moluska hata kidogo, hawa ni minyoo iliyovaa magamba. Wengi waliona amepitiliza.

Mwaka 1877 Morse alikwenda Japani, kisa ni brakiopodi, kwa sababu bahari ya huko inao kwa wingi. Alifungua maabara ndogo kwenye kisiwa cha Enoshima, akapewa kazi ya kufundisha chuo kikuu Tokyo, na akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kufundisha hoja ya Darwin nchini humo. Mwaka huo huo, akiwa kwenye treni kutoka Yokohama kwenda Tokyo, alichungulia dirishani, akaona mahali paitwapo Omori ukingo uliojaa magamba. Mtu mwingine angepita tu. Yeye aliyatambua kuwa ni jaa la watu wa kale. Akachimba, akapata vyungu vyenye alama za kamba, na uchimbaji ule unahesabiwa kuwa mwanzo wa akiolojia ya kisasa ya Japani. Alikwenda kutafuta ukoo wa brakiopodi, akaokota na historia ya taifa la watu.

Bawaba inapodanganya

Turudi kwenye kupanga makundi. Mwaka 1869 Mwingereza Thomas Huxley aliwagawa brakiopodi wawili wawili kwa kigezo rahisi: wenye bawaba na wasio na bawaba. Wenye bawaba wana meno kwenye gamba moja yanayoingia kwenye vitundu vya gamba la pili. Wasio nayo, kama Lingula, magamba yao hushikwa na misuli tu.

Mgawanyo huu ni mwepesi kufundisha, na ulikaa vitabuni zaidi ya karne moja. Lakini tazameni kasoro yake. Kuwa na bawaba kunaweza kuwa alama ya ukoo. Kukosa bawaba je? Ukiwakusanya wanaume wote wa Dar es Salaam wasio na ndevu ukawaita ukoo mmoja, utakuwa umekosea, maana kukosa kitu hakumfanyi mtu kuwa ndugu wa mwenzake aliyekosa. Ndivyo ilivyokuwa. Lingula ana gamba la fosfeti ya kalsiamu, madini ya jamii ile ile iliyomo kwenye mifupa yetu. Crania, ambaye naye hana bawaba, ana gamba la chokaa kama wale wenye bawaba, tena hana kikonyo, hujigandisha moja kwa moja kwenye mwamba. Waliwekwa chumba kimoja kwa sababu ya kitu ambacho wote wawili hawana.

Mwaka 1996 kundi la wataalamu lililoongozwa na Alwyn Williams, Mwelsi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, lilipendekeza mgawanyo wa makundi matatu: jamaa wa Lingula, jamaa wa Crania, na jamaa wa Rhynchonella, ambao ndio wenye bawaba na ndio walio wengi. Mpango huo ndio uliofuatwa katika toleo jipya la juzuu kubwa za rejea juu ya brakiopodi, lililoanza kutoka 1997 na kukamilika 2007.

Bado lilibaki swali kubwa: ukoo mzima ni wa nani? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vingi viliwaweka jirani na kundi letu sisi, wanyama wenye uti wa mgongo, pamoja na viti vya pweza, kwa sababu ya namna kiinitete kinavyokua. Mwaka 1995 Kenneth Halanych na wenzake walisoma kipande cha vinasaba, wakakuta hadithi nyingine. Brakiopodi wamo kwenye tawi moja na moluska na minyoo ya pingili. Ndugu zao wa karibu zaidi ni pamoja na foronidi, minyoo inayoishi ndani ya vijibomba na yenye lofofori kama yao.

Kwa hiyo brakiopodi si kombe, mzee alisema kweli. Wala si minyoo ya pingili kama Morse alivyotangaza. Lakini wote watatu ni matawi ya mti mmoja, na Morse hakuwa mbali sana. Alichokosea ni daraja la undugu, akamwita mtoto aliye binamu.

Wazazi waliokosekana

Na wale wazazi ambao Davidson hakuwaona? Brakiopodi wa kwanza wanaonekana kwenye miamba ya kipindi cha Kambria, zaidi ya miaka milioni 520 iliyopita. Chini kidogo ya hapo, na sambamba nao, miamba imejaa vipande vidogo vya magamba, vingi vikiwa na ukubwa wa milimita tu. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua vimetoka kwa mnyama gani. Ni kama kuokota vigae vya paa bila kuiona nyumba.

Mwaka 1990 Simon Conway Morris na John Peel walitangaza kiumbe kutoka Sirius Passet, kaskazini mwa Greenland. Ni Halkieria: mwili mrefu kama wa konokono asiye na nyumba, umefunikwa vigamba vingi mgongoni, na ana gamba moja kubwa mbele na jingine nyuma. Wataalamu wakaona picha: mkunje kiumbe huyu katikati, magamba mawili yakutane, si umempata brakiopodi? Hoja ilikuwa nzuri na rahisi kukumbuka. Lakini uchunguzi uliofuata ulimsogeza Halkieria upande wa moluska. Tena sura imetupoteza.

Njia nyingine ilitoka kwenye vile vipande vidogo vyenyewe, hasa vya viumbe waitwao tomotiidi. Mwaka 2008 walielezwa visukuku vya Eccentrotheca kutoka Australia Kusini, vilivyotolewa kwenye mawe ya chokaa kwa kuyayeyusha na tindikali. Safari hii vigae vilikuwa bado vimeshikana: vilikuwa vinaunda bomba lililosimama, na mnyama aliishi ndani yake. Jamaa zake wengine, Micrina na Paterimitra, wana vigae vichache zaidi, na viwili vimekuwa vikubwa na kuelekeana, huku muundo wa ndani wa gamba ukifanana na wa brakiopodi wa kale. Bomba la vigae vingi, kisha vichache, kisha magamba mawili. Hizo ndizo hatua za katikati ambazo Darwin aliziulizia.

Mwaka 2022 ikaongezwa hatua ya nyuma zaidi. Kutoka Yunnan, China, kwenye miamba ya miaka milioni 518, alielezwa Wufengella, mnyoo anayetambaa, mgongoni amevaa safu za vigae kama vya tomotiidi, na ubavuni ana mafungu ya vinywele vigumu. Vinywele, jamani. Vitu vile vile vilivyomfanya Morse aseme "minyoo" mwaka 1870.

Na Lingula asiyebadilika?

Huyu ndiye aliyemkwamisha Davidson, na ndiye ambaye hadi leo magazeti humwita kisukuku hai. Nakiri kwamba mimi mwenyewe ningeitumia sentensi hiyo kwa furaha kwenye kichwa cha habari. Lakini Mfaransa Christian Emig na wenzake walipoacha kutazama umbo la nje na kuchunguza alama za misuli ndani ya magamba, walikuta kwamba wale wa kale walioitwa Lingula si Lingula. Ni jamaa wengine wenye umbo hilo hilo la ulimi, kwa sababu ndilo umbo linalofaa kwa anayechimba shimo mchangani. Mwaka 2015 jenomu ya Lingula wa Japani ilisomwa yote, na ikaonekana jeni zake zimeendelea kubadilika kama za wengine. Gamba limekaa karibu vile vile, mwenye gamba hakukaa.

Yaani mtaalamu aliyekuwa makini kuliko wote wa zama zake alizuiwa na kufanana kwa nje. Kosa lile lile la Linnaeus, na langu mimi, limejificha mahali pengine.

Waliokwenda wapi?

Miaka milioni 252 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Permia, bahari zilipata maangamizi makubwa kuliko yote tunayoyajua. Brakiopodi waliokuwa wametawala sakafu ya bahari walipukutika, makundi mazima yakafutika, na hawakurudia tena wingi wao. Kombe nao waliumia, lakini waliinuka. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba kombe, wakiwa bora, waliwapiku brakiopodi polepole. Mwaka 1980 Stephen Jay Gould na Bradford Calloway walihesabu upya, wakaonyesha kwamba mashindano hayo ya mamilioni ya miaka hayaonekani kwenye takwimu. Kila kundi lilikuwa likienda njia yake, mpaka maangamizi yalipokuja na kubadili mizani. Kumbe hata hadithi ya ushindi wa kombe tuliitunga kwa kutazama nani amebaki sokoni.

Waliosalia waliendelea, na wengine walifika karibu na kwetu. Katika zama za Jurasiki bahari ilifunika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na miamba ya huko ina brakiopodi wengi. Helen Muir-Wood, mwanamke aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho la elimu ya viumbe London na kuwa bingwa wa brakiopodi wa zama zake, aliwaeleza mwaka 1935 kutoka iliyokuwa Somaliland ya Waingereza. Jenasi moja aliiita Somalirhynchia. Nililipenda jina hilo nilipolikuta, katikati ya Kilatini na Kigiriki chote kile. Mawe ni ya Pembe ya Afrika, jina lilitolewa London, na sisi tulio jirani tunamwita kombe.

Nilimpigia mzee nikamsimulia yote haya. Alisikiliza, kisha akauliza kama nimeandika sahihisho. Nilikuwa sijaandika. Nikaenda kwa mhariri, tukabishana kidogo kuhusu nafasi, mwishowe akanipa mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro: kiumbe tuliyemwita kombe ni brakiopodi, tunaomba radhi.

Hakuna aliyepiga simu kuhusu sahihisho lile. Mzee alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Ahsante, mwanangu." Nanyi mkipita pwani au kwenye jumba lolote la makumbusho, mkaona gamba, lipigieni mstari katikati kwa jicho kabla hamjalipa jina.